Mzigo wa Kicheko Abebe Nani?

Hoja iliyo mezani: Mwenye moyo mzito acheke, kicheko kitamwinua.

Ni ushauri unaotolewa kwa wepesi mno. Mjane anaupata, kijana aliyekosa ajira anaupata, na mama aliyejifungua akakosa raha naye anaupata: jitahidi ucheke, utajisikia vizuri. Ndani yake mna ukweli ambao wazee wetu waliujua kabla maabara hazijaupima, na mna hatari ambayo wauguzi wanaifahamu vizuri. Kwa uzito wa jambo lenyewe nimelitungia mjadala, nikawapa sauti watu wawili ambao kwa mila za kwetu wana ruhusa ya kuambiana lolote bila kununiana: bibi na mjukuu wake wa kiume. Bibi ni Mzaramo wa Kisarawe, amekaa misiba mingi, anaafiki hoja. Mjukuu ni muuguzi wa afya ya akili jijini Dar es Salaam, anaipinga. Mwisho nitasema langu.

MJUKUU: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mume wangu. Nasikia umekuja kunishtaki kwa kupenda kucheka. Haya, soma mashtaka.

MJUKUU: Sikushtaki wewe. Nashtaki maneno tunayoyasema bila kufikiri: "Cheka tu, yataisha." Kliniki analetwa mtu na ndugu zake. Amekonda, usiku hapati usingizi, kazi imemshinda. Nikiuliza hali hii imeanza lini, ndugu wanadakia: "Tumemwambia achangamke, aangalie vichekesho, hataki." Kumbe ameumwa miezi mingi, na miezi yote hiyo dawa aliyopewa ni amri ya kucheka. Kwa kuwa ameshindwa kuitii, anaonekana mkaidi. Sonona ni ugonjwa, bibi. Moja ya dalili zake kubwa ni kwamba mtu hapati tena raha katika mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Ukimwambia acheke ili apone, umemwambia aliyevunjika mguu akimbie ili mfupa uunge.

BIBI: Hapo umesema kweli, na mimi sibishani na kweli. Lakini nani amesema mtu ajichekeshe mwenyewe? Siku tulipomzika babu yako nilikuwa nimekaa ndani na wanawake wenzangu, macho makavu, kifua kimebana. Tangu usiku sikuwa nimetia kitu kinywani wala kutoa neno. Wakaingia watani zetu, Wanyamwezi. Mwanamke mmoja akaitwaa kofia ya marehemu, akaivaa. Akashika bakora yake, akaanza kutembea kama yeye, bega moja juu, anakohoa kile kikohozi chake, anauliza: "Kahawa yangu iko wapi, au nyumba hii wamekufa wote?" Mume wangu, niliangua kicheko. Kicheko kikageuka kilio, nikalia mpaka kifua kikafunguka. Ndipo nikanywa uji. Sasa niambie, kliniki yenu ina dawa gani ya haraka namna ile?

MJUKUU: Huyo mwanamke alifika saa ngapi, na alifanya nini kingine siku ile?

BIBI: Alifika alfajiri. Alichota maji, akakoka moto, akasugua masufuria. Wanaume wao walikuwa kaburini wanachimba na vijana wetu. Mtani haji akachekesha akaondoka. Anakula matanga na wewe na kazi anafanya.

MJUKUU: Basi jibu lako linanisaidia mimi. Kicheko kile kilitanguliwa na ndoo za maji. Na kilikuwa na historia. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu, wakapita nchi ya Wazaramo. Mpagazi aliyekuwa mbali na kwao alihitaji chakula, mahali pa kulala, na akifia njiani alihitaji mtu wa kumzika. Kutokana na kuhitajiana huko ukaota utani. Wangoni nao wana utani na makabila waliyopigana nayo; waliomwagiana damu wakaamua kumwagiana maneno. R. E. Moreau aliandika habari za utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alieleza mahusiano ya namna hii kuwa ni ruhusa, mahali pengine hata wajibu, wa kumtania mwenzako, naye hana haki ya kukasirika. Wajibu, bibi. Unamwangukia mtani. Mfiwa hadaiwi kicheko na mtu.

BIBI: Umeona sasa? Umekuja kunipinga, unanipangia hoja yangu vizuri kuliko nilivyoipanga.

MJUKUU: Subiri, sijamaliza. Kicheko chenyewe si ushahidi wa furaha. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Ikaenea. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95. Mmoja alicheka na kulia kwa dakika chache, mwingine kwa saa kadhaa, kikikoma kinarudi. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali ile ikatokea kijijini Nshamba, ikapatikana na katika shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, wakachapisha ripoti yao mwaka 1963: hawakuona vijidudu, hawakuona sumu. Walimu hawakupatwa. Wengi waliolichambua tukio lile baadaye wanaona kilichowapata watoto wale ni shinikizo la maisha lililokosa pa kutokea. Mtu wa nje angewasikia angesema, "Shule ya furaha hiyo." Ilikuwa shule ya mateso.

BIBI: Masikini watoto wa watu. Na aliyewachekesha ni nani?

MJUKUU: Hakuna aliyewachekesha.

BIBI: Ndiyo nauliza. Mimi nimekutolea kicheko ambacho mtu alinitazama usoni, akajua nimekwama wapi, akanitegea pale pale. Wewe unaniletea kicheko kilichowaangukia watoto kama degedege. Vyote vina sauti moja, lakini usivipime kwa pishi moja.

MJUKUU: Nakubali havilingani. Ninachotaka ukubali ni hiki: tukimsikia mtu anacheka tusihitimishe kwamba ni mzima. Wapo wanaokuja kliniki wakiwa wachangamfu kuliko sisi tunaowapokea. Kazini ndio wanaochekesha ofisi nzima. Ukiwafungia mlango mkabaki wawili, machozi. Mwaka 2003 Rod Martin, mwanasaikolojia wa Kanada, na wenzake walizigawa namna za ucheshi katika mafungu manne. Upo wa kuwaunganisha watu, upo wa kujipa moyo wakati wa shida, upo wa kuwadhalilisha wengine, na upo wa kujidhalilisha mwenyewe ili upendwe. Mawili ya kwanza huendana na afya njema ya moyo. Hili la mwisho huandamana na huzuni na kujiona duni. Kijana anayejitukana kila siku ili wenzake wacheke, sisi tunamwita mcheshi. Kumbe anatuambia jambo.

BIBI: Mficha maradhi kifo humfichua. Hilo nalipokea kwa mikono miwili. Lakini sasa sema na upande wangu. Wewe umesoma, vitabu vyote hivyo vinampinga bibi yako?

MJUKUU: Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, mwaka 2011, walipima uvumilivu wa maumivu kabla na baada ya watu kutazama vichekesho. Waliocheka kwelikweli walivumilia maumivu zaidi kuliko walivyovumilia mwanzo. Waliotazama filamu zisizochekesha hawakupata nafuu hiyo. Watafiti wakasema yaelekea ni kazi ya endofini, kemikali ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kutuliza maumivu na kuleta utulivu. Mwaka 2017 huko Turku, Ufini, uchunguzi mdogo wa picha za ubongo ulionyesha kemikali za jamii hiyo zikitolewa baada ya watu kukaa na marafiki zao wakicheka pamoja.

BIBI: Na marafiki zao. Rudia hapo, umepapita mbio.

MJUKUU: Na marafiki zao, ndiyo. Robert Provine, Mmarekani, alisikiliza vicheko zaidi ya elfu moja katika mazungumzo ya kawaida. Aligundua kwamba vingi havifuati kichekesho chochote. Watu wanacheka baada ya maneno kama "haya, tutaonana" au "umefika lini?" Na aligundua kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake.

BIBI: Basi nikuulize kuhusu hivi vichekesho vya kwenye simu. Zamani ilikuwa Pwagu na Pwaguzi redioni. Redio moja, watu kumi na tano barazani, tunacheka mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini, naye anakaa. Sasa nyumba moja ina watu watano, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anacheka na ukuta. Mnaita kujiliwaza. Mimi nakuita kuwa peke yako.

MJUKUU: Hapo nitaitetea simu, bibi, maana naijua zamu ya usiku. Saa tisa za usiku, umempoteza mgonjwa, mwenzako yuko wodi nyingine. Unafungua kipande cha Mzee Majuto. Alifariki Agosti 2018, lakini akikunja uso tu unacheka. Dakika tano, unarudi kazini. Usininyang'anye.

BIBI: Sikunyang'anyi. Lakini Mzee Majuto hawezi kukuuliza, "Mbona umenyamaza?" Kesho yake ukikaa na mtu uliyemwonyesha kipande kile mkacheka wawili, hapo ndipo utakapomwambia kwamba umempoteza mgonjwa.

MJUKUU: Hilo ni kweli. Niseme na la kicheko cha kujilazimisha, maana siku hizi limeenea. Daktari Madan Kataria wa Mumbai, India, tarehe 13 Machi 1995 aliwakusanya watu watano bustanini wacheke kwa ajili ya afya. Mwanzo walisimuliana vichekesho. Vichekesho vizuri vikaisha, vikabaki vya kuwaumiza wengine, watu wakaanza kuchukia. Akaviondoa kabisa. Wakabaki kucheka bila sababu, wakipiga makofi, wakivuta pumzi, wakitazamana machoni, hadi cha kujifanya kikageuka cha kweli. Vikundi hivyo sasa vipo katika nchi nyingi duniani.

BIBI: Wanacheka bila sababu?

MJUKUU: Bila sababu. Na swali lililo nyuma yake limesumbua wataalamu kwa muda mrefu: uso ukitabasamu kwa amri, moyo unaufuata? Mwaka 1988 Fritz Strack wa Ujerumani na wenzake waliwapa watu kalamu waishike kwa meno, ili midomo ikae kama inayotabasamu bila wao kujua. Wakaona vibonzo vinawachekesha zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo, hazikupata matokeo yale. Mwaka 2022 watafiti wa nchi 19 waliwapima watu 3,878. Waliojitengenezea tabasamu kwa makusudi, au kuiga tabasamu la kwenye picha, furaha yao iliongezeka kidogo. Walioshika kalamu, ushahidi haukusimama. Kwa hiyo uso unausukuma moyo, lakini ni msukumo mdogo. Unaweza kumfaa mtu aliyechoka. Usiutegemee kwa mtu anayezama.

BIBI: Na wale wa bustanini?

MJUKUU: Wengi wanasema wanajisikia vizuri, nami nawaamini. Lakini tazama wanachofanya: wameamka asubuhi, wametoka nje, wamenyoosha viungo, wamekutana na watu wanaowajua kwa jina. Ukikiondoa kicheko, bado umebaki na mambo manne mema.

BIBI: Na ukikibakisha kicheko ukayaondoa hayo manne, umebaki na mtu anacheka chumbani peke yake. Tumekubaliana tena bila kutaka.

MJUKUU: Kuna mfano mwingine unaotajwa sana. Norman Cousins, mhariri wa Marekani, aliugua ugonjwa wa maungo uliomtesa kwa maumivu. Mwaka 1976 aliandika katika jarida la madaktari kwamba dakika kumi za kicheko cha kuvunja mbavu, akitazama filamu za ndugu wa Marx, zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Watu wakalitangaza hilo peke yake. Wakasahau kwamba alikuwa na daktari aliyemsikiliza na kushirikiana naye, kwamba alihama hospitali akakaa mahali palipomtuliza, na kwamba alikuwa akitumia vitamini C kwa wingi. Hajasema mtu atupe dawa akodi filamu.

BIBI: Wewe unaogopa sana watu kutupa dawa.

MJUKUU: Naogopa, kwa sababu nimewapokea waliotupa. Lakini mfano mmoja hata mimi sina la kuupinga. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alikuwa katika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwamo. Baada ya vita aliandika kwamba alikubaliana na mfungwa mwenzake, kila siku watunge angalau kisa kimoja cha kuchekesha kuhusu maisha yao wakishatoka. Mathalani, wamealikwa karamuni, nao kwa mazoea ya kambini wanamwomba mwenye nyumba awapakulie supu kutoka chini ya sufuria, maana kule njegere zilikuwa zikituama chini. Watu waliokuwa na njaa ya kufa walicheka habari ya supu. Kicheko hicho hakikuwatoa kambini. Kiliwafanya kwa muda mfupi waitazame kambi kutoka mahali pengine.

BIBI: Na walikuwa wawili, na wote walikuwa na njaa. Mwenye kushiba angeutoa mzaha ule ungekuwa tusi. Ndiyo sheria ya utani yenyewe, mume wangu. Mtu wa pembeni hakutanii, anakucheka. Anayeruhusiwa kukutania ni yule ambaye kesho na wewe utakuwa na zamu ya kumtania, na siku ya msiba wake utachota maji.

MJUKUU: Basi sema neno lako la mwisho.

BIBI: Neno langu ni hili. Huzuni humfungia mtu ndani, na ufunguo uko upande wa nje. Ninyi msimpigie kelele afungue. Ingieni. Mkishaingia, fanyeni kazi kwanza, halafu mchekesheni. Asipocheka leo, rudini kesho. Nashikilia kwamba kicheko ni dawa.

MJUKUU: Nami nashikilia kwamba ni dawa msaidizi. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi hana raha na chochote, usingizi na chakula vimevurugika, anajiona mzigo, apelekwe hospitali. Akisema maisha hayana maana au anataka kufa, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani. Watani waje naye mpaka mapokezi, nawakaribisha. Lakini waje naye.

*Neno la mwandishi*

Nimewasikiliza wote wawili, na uamuzi wangu ni kwamba hoja kama ilivyoandikwa imeshindwa. "Mwenye moyo mzito acheke" ni sentensi inayomtwika kazi mtu asiye na nguvu ya kuifanya. Lakini hoja nyingine imezaliwa kati ya bibi na mjukuu, nami naiunga mkono kwa moyo wote: mwenye moyo mzito achekeshwe, na wanaomchekesha wawe wale waliobeba naye.

Naona mambo mawili yanatupotosha. Moja ni kumgeuza mgonjwa kuwa mwenye kosa. Tukishaamini kwamba kicheko kiko mikononi mwake, basi kila siku anayobaki na huzuni inakuwa ushahidi wa uzembe wake. Wangapi wamejificha kwa sababu hiyo, wakajifunza kucheka mbele zetu ili tuwaache kwa amani? Tumewafundisha sisi.

La pili ni kudhani kwamba huzuni inahitaji uzito mtupu, kwamba anayekwenda kumwona aliyefiwa au mwenye sonona lazima akunje uso na kunong'ona. Utani ulilikataa wazo hilo zamani. Mtani anapomwigiza marehemu hapunguzi thamani ya kifo. Anasema marehemu alikuwa mtu, alikuwa na mwendo wake na ubishi wake, na sisi tuliomjua bado tupo. Mfiwa anapocheka hapo hasahau. Anakumbuka akiwa na watu. Ndiyo maana kicheko na kilio hutoka mlango mmoja siku ile, na hakuna anayeona ajabu.

Mijini tunaishi na majirani ambao si watani kwa ukoo. Misiba inapangwa kwa kamati, chakula kinapikwa na wapishi wa kukodi, na mizaha inatumwa kwenye kundi la simu. Hatuwezi kuirudisha misafara ya Wanyamwezi, wala hatuhitaji. Tunachoweza ni kuchukua sheria za utani tukazitumia kwa rafiki, mfanyakazi mwenzetu, ndugu. Fika kwanza. Fanya kazi inayoonekana: osha vyombo, mpeleke mtoto shule, kaa kwenye foleni ya hospitali kwa niaba yake. Mtanie kwa mambo mnayoyajua nyote wawili, kamwe usimtanie kwa jeraha lenyewe. Kubali naye akutanie, maana mtu aliyelala kwa huzuni akipata nafasi ya kukucheka wewe, kwa muda ule si mgonjwa tena bali ni mwenzako. Akinyamaza, usimdai. Na ukiona dalili alizozitaja mjukuu, inuka uende naye kwa mtaalamu.

Kwa hiyo siku nyingine ulimi ukitaka kumwambia mtu "jitahidi ucheke," uzuie. Jiulize mara ya mwisho ulikwenda lini kukaa naye. Kama ni zamani, kazi ya kicheko chake imelala kwako, nawe ndiye uliyechelewa kuianza.